Masega ya Pikapu

Fundi Nazari alikuwa amelala chali chini ya pikapu, miguu tu ikionekana, akitoa hukumu.

"Placidi, gari linabanwa na masega. Niyatoe, lipumue. Litapanda mlima wa Maguu na magunia ya kahawa kama halina habari."

Placidi aliitika kwa kichwa. Mkewe, Vitalia, hakuyapenda hayo. Pikapu hiyo, mtumba wa Japani, ililala ubavuni mwa chumba chao, na kila asubuhi ilinguruma pale ikipashwa moto huku Beata wao mchanga akikohoa. Kwenye masomo ya jioni ya watu wazima, Vitalia alishaelezwa na mwalimu habari za moshi wa magari. Lakini ambishie fundi mbele ya mume?

Ndipo mama mkwe, Bibi Hedwiga, alipotokea mbiombio na bakuli mkononi.

"Shikamoo, Mama," Vitalia alimwamkia.

"Marahaba. Nasikia mnatoa masega. Nikingieni asali, mjukuu anakohoa."

Nazari alicheka mpaka akagonga kichwa kwenye bomba la moshi.

"Si ya nyuki, Mama," Vitalia alisema, akibana midomo asicheke. "Ni kitu cha matundu matundu ndani ya bomba, kimepakwa madini. Moshi wa injini ukipita pale kwenye joto, sumu yake nyingi inageuzwa kuwa hewa isiyodhuru sana."

"Yakitolewa je?"

"Inatoka kama ilivyo, tunaivuta. Na Beata."

Bibi akamgeukia mwanawe. "Placidi! Wajapani wamemhurumia mjukuu wangu bila kumjua, wewe baba yake unataka kumfukiza kama mzinga?"

"Mama, gari halina nguvu..."

"Basi kahawa yangu nitaibeba kichwani. Wakiniuliza kanisani, nitawaeleza sababu."

Kusemwa kanisani si jambo dogo. "Nazari, yaache," Placidi alisema. "Angalia kwingine."

Nazari, akipapasa kichwa, akatoka chini ya gari, akafungua chujio la hewa. Likamwaga vumbi jekundu la kutosha kupandia mahindi. Akalikung'uta, akalirudisha, akawasha gari. Injini ikaitika kwa nguvu.

"Mama Beata," Placidi alisema, "ndiyo mnayofundishwa jioni?"

"Hayo, na hesabu."

"Basi kuanzia leo hutembei kwenda darasani. Nitakupeleka mwenyewe."

"Asante, Baba Beata. Ila uwe unaliwashia barabarani. Masega hayafanyi kazi mpaka yapate moto."

"Nilifikishe vipi barabarani bila kuliwasha?"

Bibi Hedwiga alikuwa ameshakunja mikono ya gauni, kifua kwenye bodi ya gari. "Zima hiyo," alisema. "Tusukume."