Nyumba Iliyofunga Breki Mtinko

Mwaka 1994 Zabibu binti Abdulrazaki, mjane aliyekuwa akiuza vitenge katika soko la Singida mjini, alinunua nyumba yenye magurudumu sita. Wazungu waliokuwa wakipima barabara walikuwa wamemaliza kazi yao, wakauza kila kitu kwa mnada: mahema, meza, vyandarua, na gari moja la Kijerumani, kuukuu, refu kama basi. Ndani yake mlikuwa na vitanda viwili, jiko, kabati, sinki na choo cha kukalia. Watu waligombania mahema. Gari hakuna aliyelitaka, kwa kuwa hakuna aliyejua ni la kufanyia nini.

Zabibu alijua. Siku hizo biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mwenye kitu aliruhusiwa kuuza, na yeye alikuwa amechoka kwenda minadani juu ya malori, amekalia marobota yake kama kuku anayeatamia. Sasa angelala kitandani kwake, aamkie mnadani, afungue dirisha na kuuza.

Dereva wake alikuwa Kefa, Mnyiramba wa miaka hamsini, fundi wa zamani wa kampuni ya umma ya malori. Kampuni ilipofungwa, Kefa alitoka na barua ya kupunguzwa kazi, ovaroli mbili na sanduku la spana.

Safari ya kwanza ilikuwa Mtinko. Waliingia uwanja wa mnada asubuhi: Kefa kwenye usukani, Zabibu pembeni yake, na binti yake Mboni nyuma akipanga vitenge. Walipofika katikati kabisa, baina ya ng'ombe na wauza vyungu, king'ora kikalia kwenye dashibodi. Sindano ya kipimo cha upepo ikaanguka. Gari likasimama kama punda aliyekataa mzigo.

Kefa aliingia uvunguni. Alipotoka alikuwa na mafuta mpaka kwenye nyusi.

"Mama Mboni, ni draya."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Breki za gari hili ni za upepo. Upepo ukiwepo, zinaachia. Ukiisha, springi zinabana magurudumu ya nyuma. Sasa upepo wa kompresa una unyevu, lazima upite kwenye draya ukauke kwanza. Yetu imeoza ndani. Valvu ya chini imekwama wazi, upepo wote unatokea pale."

"Basi iruke. Unganisha bomba moja kwa moja."

"Ningeiruka. Lakini kwa gari hili kidhibiti cha upepo kimo humo humo. Nikiiruka, hakuna wa kuiambia kompresa kwamba imetosha. Itajaza mtungi mpaka upasuke, na sisi tumeukalia."

Walijaribu kulivuta. Wenye ng'ombe walijitolea kwa furaha; walifunga ng'ombe kumi na wawili mbele ya gari na kuchapa. Gari lilisogea hatua tatu, likiburuta magurudumu yaliyobana, likaacha mifereji miwili mirefu nyuma yake. Mzee mmoja akaitazama mifereji ile akasema hapo sasa mtu anaweza kupanda mtama.

Siku ya tatu akaja bwana afya wa kata, Melkiori, kijana nadhifu mwenye rejista kubwa kwapani. Aliizunguka nyumba mara mbili, kisha akagonga mlango.

"Hodi wenye nyumba. Choo chenu kiko wapi?"

"Karibu," akasema Zabibu. "Hii si nyumba, bwana afya, ni gari. Limeharibika."

"Mnalala wapi?"

"Humu."

"Mnapika wapi?"

"Humu."

Melkiori akaandika. "Kaya moja, watu watatu. Sheria ndogo inasema kila kaya iwe na choo."

"Choo kimo humu ndani! Njoo ukione."

Akakiona. Akakifunua na kukifunika. Akavuta maji, akasikiliza kwa makini yanakokwenda.

"Yanaingia wapi?"

"Kwenye tangi."

"Tangi si shimo, mama. Sheria inasema shimo, futi kumi na mbili." Akafunga rejista. "Mna siku saba."

Zabibu alicheka mpaka akashika ukingo wa sinki. Alipoona Melkiori hacheki, akaacha.

Jioni hiyo Kefa alikumbuka kitu. Lori moja la kampuni yake ya zamani, la Kijerumani vilevile, lilifia Ulemo, kwao kabisa, miezi michache kabla kampuni haijafungwa. Draya yake ni ileile. Kesho yake yeye na Zabibu walidandia lori la alizeti, wakamwacha Mboni alinde nyumba na kutafuta vijana wa kuchimba shimo, kwa sababu siku saba si nyingi na Melkiori alikuwa akipita kila asubuhi kuzihesabu.

Ulemo walilikuta lori kando ya njia, limefagiliwa pande zote. Vioo vyake vilikuwa safi. Mbele yake alikaa mzee mwembamba katika koti la ulinzi, rungu magotini.

"Shikamoo, mzee Paschal," Kefa akasema.

"Marahaba, fundi. Umechelewa." Mzee alisimama. "Mlisema mnafuata spea."

Kefa alikuwa amesema hivyo kweli, miaka mitatu iliyopita.

"Mzee, kampuni imekufa."

"Nilisikia."

"Na mshahara?"

"Mshahara ulikoma. Kazi haikukoma. Hakuna aliyeniletea barua." Akatoa daftari lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Kila siku ya miaka mitatu ilikuwa na mstari wake, mwandiko ukiwa uleule: Gari lipo. Mahali pamoja aliandika: Mvua kubwa. Gari lipo. Na mahali pengine: Nimemzika mke wangu. Gari lipo.

Zabibu alisoma mstari huo mara mbili, akalirudisha daftari kwa mikono miwili.

"Tunaomba draya tu, baba," alisema polepole. "Yetu imetukwamisha Mtinko."

"Sina kinyongo nawe, mwanangu. Lakini kifaa hakitoki bila karatasi ya meneja wa karakana."

"Meneja anauza samaki Mwanza," alisema Kefa.

"Basi alete karatasi kutoka Mwanza."

Wakakaa. Jua likawapiga. Kefa alijaribu kueleza kwamba lori lenyewe halina tena mwenyewe, kwamba hata mfilisi wa mali za kampuni amelisahau. Paschal alisikiliza kwa adabu, na mwisho akasema kitu ambacho kilionekana kumuuma kuliko miaka yote ile bila mshahara: wenzake wote waliachishwa kazi kwa heshima, kwa barua, yeye peke yake akasahauliwa. Hata kufukuzwa hakufukuzwa.

Zabibu akafungua mkoba. Ndani mlikuwa na karatasi za risiti, kalamu, na muhuri wa duka lake. Aliandika huku ameegemea bodi ya lori:

"Ndugu Paschal. Kuanzia leo kazi yako ya ulinzi imekwisha. Umelinda vizuri. Gari lipo. Kabidhi draya moja kwa fundi Kefa."

Mzee alisoma, midomo ikicheza. "Ongeza 'asante.'"

Akaongeza. Kisha akaupulizia muhuri pumzi ya moto na kuugonga: ZABIBU ABDULRAZAKI, VITENGE NA KHANGA, JUMLA NA REJAREJA.

Paschal aliutazama muhuri kwa muda mrefu. Alijua kusoma, hakuna aliyemdanganya. Aliikunja barua mara nne, akaiweka mfuko wa shati na kufunga kifungo. Akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya kiti cha lori, na rungu juu yake.

"Fungua, fundi," alisema. "Nami nakuja Mtinko. Miaka mitatu nimelinda vyuma hivi, sijaona hata kimoja kikifanya kazi."

Huko Mtinko shimo lilikuwa limekwisha. Vijana walikuwa wamejenga na ukuta wa nyasi na mlango wa mabati. Kwa kweli kilikuwa choo kizuri kuliko cha shule. Kefa hakukitazama. Aliifungua draya ya Ulemo, akamimina vipunje vyake vyeupe, mfano wa punje za mtama, kwenye sufuria, akavikoroga juu ya jiko la mkaa ili unyevu wa miaka utoke.

Melkiori alifika wakati huo. Alitazama sufuria, kisha watu waliojikusanya.

"Mnauza chakula bila kibali?"

"Hiki si chakula," alisema Kefa. "Ni dawa ya kukausha upepo."

"Kila mtu husema si chakula." Na kabla mtu hajamshika mkono, akachota punje moja pembeni, akaipuliza na kuitia mdomoni.

Punje ile ilifanya kazi yake. Ilinyonya mate yote ya bwana afya na kung'ang'ania ulimi kama kupe. Melkiori alitoa macho. Alijaribu kusema jambo, pengine kifungu cha sheria, ikatoka sauti ya mbuzi. Mboni alimpa maji, akanywa jagi zima akiwa amesimama.

Wakati yeye anakunywa, Kefa aliingia uvunguni na draya. Alikaza bolti tatu, akabadilisha mipira ya mabomba, akatoa maji machafu kwenye mitungi. Kisha akawasha injini. Wote wakaingia kutazama sindano. Ilisita, ikapanda. King'ora kikanyamaza. Chini ya gari kukasikika "psaa!" ya nguvu, mbuzi wakakimbia, na Kefa alipoachia breki, nyumba ikajitikisa kama mtu anayeamka.

"Inafanya kazi," alisema Paschal. Akakaa ghafla kitandani, machozi yakimtoka.

Melkiori alikuwa amesimama mlangoni. Ulimi ulikuwa umerudi, mzito. "Hamjamaliza. Thioo kithichotumika thi thioo. Naandika nini?"

Zabibu alikuwa karibu kumtukana. Lakini Paschal aliinuka. Tangu Ulemo alikuwa amejizuia haja, na kile choo cha ndani ya gari alikikataa katakata. Alisema mtu hawezi kujisaidia karibu na sufuria. Akavuka uwanja, akaingia, akafunga mlango wa mabati. Uwanja mzima ulisubiri. Hakuna aliyecheka. Alipotoka akijifunga mkanda, Melkiori aliandika mstari mmoja, akapiga saini na kuwatakia safari njema.

Waliondoka saa tisa alasiri. Paschal alilala usingizi mzito njia nzima, viatu vikiwa vimepangwa vizuri chini ya kitanda, na hakuna aliyethubutu kumwamsha walipofika mnada wa Ilongero. Zabibu alifungua dirisha na kuuza vitenge kumi na vinne kabla ya magharibi, akiongea kwa kunong'ona, na wateja nao wakanunua kwa kunong'ona, bila kujua ni kwa nini.

Mzee alirudi Ulemo wiki iliyofuata. Alikuta lori limeng'olewa kila kitu, mpaka milango, bodi na fremu ya chini. Alitazama kidogo, akaazima jembe kwa jirani, akaanza kulima pale ilipokuwa bodi.