Neno Moja la Mwalimu Riungu

Siku Mwalimu Riungu alipotoka hospitalini, majirani walimwinua pamoja na kiti chake cha magurudumu, wakampandisha ngazi za nyumba yake pale Kiirua kama gunia la viazi. Alifumba macho. Yeye aliyefundisha historia mpaka akastaafu, ambaye kikohozi chake tu kilinyamazisha darasa, sasa alikuwa mzigo mikononi mwa watu. Kiharusi kilimpoozesha upande mmoja na kumwachia neno moja tu. Akitaka maji alisema, "Hapana." Akishukuru, "Hapana."

Binti yake, Kajuju, alikuwa shuleni bwenini. Yeye na babake walikuwa wameagana vibaya. Shule za sekondari zilipoanza kufundisha ufundi sambamba na masomo mengine, Kajuju, aliyewapita wenzake wote kwa alama, alichagua ujenzi.

"Sikuwasomesha watoto wa watu ili wangu akakoroge saruji," Riungu alimwambia.

"Ni somo kama mengine, Baba. Nalipenda."

"Basi na likulee hilo."

Hakumsindikiza alipoondoka.

Likizo ilipofika, Kajuju alikuja, akaushika mkono wa babake uliokufa ganzi, akauweka shavuni. Ugomvi wao hakuutaja. Kesho yake Riungu alisikia dirishani mchanga ukichekechwa na mwiko ukikwangua karai. Mkewe, Ntinyari, alikuwa akiteka maji. Kazi ya Kajuju ilipokwisha na saruji kukauka, njia ilipanda kwa upole kutoka uani hadi mlangoni, imeinuliwa kingo ili gurudumu lisiteleze.

Ntinyari alimsukuma. Kiti hakikukwaruza popote. Riungu akaingia nyumbani mwake bila bega la jirani, na moyo wake, uliokuwa mgumu kama jiwe la kusagia, ukamlegea kifuani.

Kajuju alichuchumaa mbele yake. "Umeipenda, Baba?"

Riungu alikusanya kila chembe ya nguvu aliyobakiwa nayo. "Hapana."

Msichana akainamisha kichwa. Mamake alikuwa amemweleza habari za neno lile. Lakini kuelezwa ni kitu kimoja, na kulisikia kutoka kinywani mwa mzazi ni kingine.

"Niivunje?" aliuliza taratibu.

"Hapana," alisema Riungu. "Hapana. Hapana."

"Umemsikia?" Ntinyari alidakia. "Hataki uivunje."

"Nimemsikia, Mama. Ila hata angetaka, angesema vivyo hivyo."

Akainuka, akaenda kuosha mwiko.

Shule zilipofunguliwa, Kajuju aliondoka umande ukingali majanini. Riungu alimwonyesha mkewe mlango kwa macho mpaka akaelewa, akamteremsha uani. Binti alikuwa ameshafika barabarani, sanduku begani, mgongo wake ukididimia ndani ya ukungu.

Riungu alifungua kinywa. Ulimi ukajikokota nyuma, ukaitafuta sauti ya kwanza ya jina la mwanawe.

"Ka," alisema.

Ntinyari aligeuka upesi kumtazama. Barabara ilikuwa tupu.