Anayekupikia

Kabla ya tumbo kumgeuka, Mnofu alikuwa mchinjaji wa kumwangusha dume la ng'ombe peke yake huku akipiga soga. Alikuwa mjane. Tangu mkewe afariki, alikula kwa mdogo wake, nyumba ya jirani, na aliyempikia ni mke wa mdogo wake, mwanamke wa maneno machache.

Ugonjwa ulianza kama mzaha. Wiki hii anaharisha, wiki ijayo anajikamua chooni mpaka mishipa ya shingo inamtoka, na anachopata ni vigololi. Akila tu, moto unampanda kifuani na tumbo linajaa kama ngoma. Alimeza vidonge vya dukani, akanyamaza. Mwanamume mzima ataanzaje kusimulia habari za choo?

Lakini machinjioni hakuna siri. Siku moja aliacha ng'ombe bado anatupa miguu sakafuni, akakimbilia chooni. Aliporudi, mchuna ngozi alikuwa anamsubiri.

"Mnofu, tumbo haligeuki hivihivi. Nani anakupikia?"

"Shemeji."

"Na nyumba yako, ukifa anabaki nayo nani?"

Mnofu akaokota kisu chake.

"Mimi sijasema kitu. Ila kikulacho ki nguoni mwako."

Neno hilo likamwingia kuliko vidonge vyote. Kuanzia hapo alikula huku anamtazama shemeji mikono. Akichelewesha sahani, anatia sumu. Akiwahi, alishaitia.

Jumamosi mchana alitoka kazini na kisu bado kiunoni. Wali na maharage. Tonge la tatu halijashuka, tumbo likamsokota kama nguo inayokamuliwa. Akainuka, akamkamata shemeji kisogoni, akamkandamiza uso kwenye sahani ya bati.

"Kula! Kula na wewe tuone!"

Pua ikapasuka. Mwanamke hakulia, alipapasa mezani, akapata sufuria ya maharage ya moto, akammwagia pajani. Mnofu alinguruma, akachomoa kisu. Mdogo wake akatoka chumbani kifua wazi, akamrukia. Wakaangukia meza, ikavunjika chini yao. Mnofu akawa juu. Mdogo akakizuia kisu kwa kiganja kitupu, nacho kikapita kama kinavyopita kwenye nyama kila siku.

"Kaka! Kaka, ni mimi!"

Tumbo la Mnofu likafunguka hapohapo, akiwa bado amemkalia mdogo wake. Suruali yake ya kijivu ikalowa mpaka magotini. Kisu kikamponyoka.

Shemeji, damu ikimchuruzika kidevuni, ndiye aliyeona.

"Hiyo nyekundu kwenye suruali si damu ya mume wangu," alisema. "Inatoka kwako, shemeji."

Hospitalini, mdogo alishonwa mkono. Mnofu alilazwa chini ya ulinzi wa askari, akapimwa utumbo kwa mpira wenye kamera. Daktari alimsikiliza hadithi yote, kisha akatikisa kichwa.

"Hakuna sumu. Utumbo wako mpana una vidonda. Damu uliiona lini?"

"Muda mrefu. Nikadhani bawasiri."

"Ugonjwa huu hauishi, unatulizwa. Dawa kila siku, chakula kidogo kidogo, na ukiona damu njoo hapa. Usimuulize mchuna ngozi."

Mnofu akajifunika shuka usoni.

Mdogo alitaka yaishe kifamilia. Mkewe akakataa, akaenda kituo cha polisi na pua imefungwa bandeji, akaeleza kila kitu.

"Tumbo lilimuuma, sawa," alimwambia mumewe. "Mkono haukumuuma."

Mnofu akafungwa. Aliporudi, machinjioni hakuna aliyetaka kumpa kisu, akapata kibarua cha kuosha magari. Alijifunza kujipikia: wali bokoboko, viazi vya kuponda. Pilipili na maziwa alishajua ni maadui zake. Kuna wiki za raha na kuna wiki za kukimbia.

Jioni mdogo wake huja wakakaa barazani, vidole vyake viwili havikunjiki tena.

"Tumbo?"

"Leo limetulia."

Siku moja shemeji alipita na ndoo ya maji, pua imepinda. Mnofu akasimama.

"Shemeji, nilikukosea. Nisamehe."

Alitua ndoo, akamtazama kuanzia miguuni mpaka usoni.

"Nimesikia," alisema. Akajitwika ndoo yake, akaenda zake.