Siku Kanisa Lilipogawanyika Besi Nne

Radi ya Bertrams, hapa Joburg, walikuwa wanafungwa tangu Septemba. Walifungwa jua likiwaka, walifungwa mawingu yakinguruma, walifungwa hata na timu moja ya mji wa Springs iliyofika na wachezaji pungufu, nusu yao wametoka harusini. Msimu ule wa 2017 kwenda 2018, ukitaka pointi za bure kwenye ligi ya besiboli ya daraja la chini, unaomba upangiwe Radi.

Na kinachouma, kupiga mpira walikuwa wanajua.

Mpigaji wao mkubwa alikuwa Exaucé, mlinzi wa geti kwenye maduka, mtu wa Likasi kule Congo, mkono wake ukikushika bega unajua umeshikwa. Akiukuta mpira na lile gongo la kupigia, mpira unaondoka. Shida ni yeye anakoondoka kwenda. Besiboli inataka hivi: umepiga, tupa gongo, kimbia kituo cha kwanza, yaani besi ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu urudi nyumbani pale ulipoanzia, ndiyo ya nne, ndiyo pointi. Mpira ukifika kwenye besi kabla yako, umetoka. Lakini Exaucé alikulia kwenye football, na kwenye football ukifanya jambo zuri unakimbilia mashabiki. Hiyo iko kwenye damu, huitoi na kozi ya miezi sita.

Mashabiki wa Radi ni wamama wa kanisa. Wanakaa chini ya mjakaranda, kivuli pekee cha uwanja ule, na mjakaranda uko upande wa besi ya tatu. Besi ya kwanza iko kulee, upande wa pili kabisa. Basi Exaucé anapiga, ngoma inalia, wamama wanapiga vigelegele, na yeye huyoo, anakwenda kucheza kiuno mbele ya Mama Victoire, mpiga ngoma wao. Wapinzani wanauokota mpira taratibu, wanaupeleka besi ya kwanza, refa ananyanyua mkono. Ametoka. Januari aliurusha juu ya uzio mpaka barabarani, ukadunda karibu na robot, zile taa za magari. Pale hata ukitembea umeshapata. Hakutembea. Alikwenda kwa wamama, timu nzima ikamfuata, wakacheza mpaka jasho. Refa aliwasubiri, aliposhiba kusubiri akamtoa.

Siku moja Falonne aliwaomba wamama wabaki nyumbani. Ikawa msiba. Bila ngoma Exaucé alipiga upepo mechi nzima.

Falonne ndiye kocha. Ni msusi huko Bellevue, alikuja Joburg na wazazi akiwa mtoto, shuleni akacheza softball, ndugu ya besiboli, mpaka mwalimu anamficha timu nyingine zisimwibe. Saluni anaitwa dada nisuke, kanisani anaitwa dada panga viti. Uwanjani tu ndiko wanaume wazima wenye ndevu wanamwita kocha na wanakimbia akiwaambia kimbieni. Na hicho ndicho kilikuwa kinakwenda kupotea, maana Papa Gustave alishatamka mbele ya watu wote.

Papa Gustave ni fundi cherehani, jezi zote alishona yeye, na manispaa inamjua yeye kama mwenye kukodi uwanja.

"Mechi ya mwisho mkifungwa," alisema, "Jumamosi inayofuata tunasimamisha magoli hapa, tunacheza football kama binadamu. Watu wa Congo na gongo, wapi na wapi?"

"Na mimi, Papa?" Falonne akauliza.

"Wewe utatuletea maji, mwanangu. Hatutakutupa."

Wiki ya mwisho, Simiyu alimleta binti yake kusukwa. Simiyu ni Mkenya wa benki, ndiye mdakaji wa Radi, mtu wa kufikiria sana na kukimbia kidogo.

"Kocha, nimekaa nikaangalia hii maneno vizuri," alisema. "Huyu jamaa tumemfokea. Tumemchorea ramani. Tumemwombea, pastor akamwekea mikono. Haiwezekani, bana. Exaucé hawezi kukimbia mbali na wamama."

Falonne akaacha kusuka, kitana kimebaki kimechomekwa kwenye kichwa cha mtoto.

"Rudia."

"Hawezi kukimbia mbali na wamama."

"Basi tuwahamishe wamama."

Simiyu alimtazama, halafu akaanza kucheka kidogo kidogo, kama gari la zamani linalowashwa asubuhi ya baridi ya Juni. "Na akifika besi ya kwanza? Si atacheza hapo hadi jioni?"

"Besi ziko nne," Falonne akasema. "Na kanisa letu ni kubwa."

Kazi ilikuwa Mama Victoire. Yule mama ndiye mwenye ngoma, ndiye mwenye sufuria za pondu, yaani kisamvu, na za makayabu, samaki wa chumvi, na hakuna mtu aliyewahi kumtoa kwenye kile kivuli, hata mvua.

"Nitoke kwa kivuli," alisema, kama anayeonja chakula asichokijua. "Juu ya Exaucé."

"Ndiyo, mama."

"Ile besi yeye haioni? Iko nyeupe pe."

"Anaiona, mama. Haipendi."

"Falonne, sikia. Tangu nifike Joburg kanisa letu limegawanyika mara mbili. Ya kwanza juu ya kinanda, ya pili juu ya kiti cha mbele. Kuna watu mpaka leo tukikutana Bertrams wanavuka barabara. Sasa wewe unataka kuligawanya vipande vinne?"

"Kwa Jumamosi moja tu, mama. Na bila ugomvi."

Mama Victoire alijaribu kukaza uso. Ulimshinda, akacheka mpaka akashika meza. "Bon, haya. Itakuwa mara ya kwanza. Lakini nataka mwavuli."

Jumamosi ile ya mechi ya mwisho wakaja Boksburg, timu ya vijana wazuri, wana viatu vya kweli. Wakaona vitu hawajaona. Nyuma ya besi ya kwanza, nje ya mstari, Mama Victoire kwenye kiti, ngoma mapajani, kijana amemshikia mwavuli. Nyuma ya uzio wa mbali, usawa wa besi ya pili, kwaya nzima na sare zake. Upande wa besi ya tatu, kwenye mjakaranda, vijana wa Sunday school. Na nyuma ya wavu, pale nyumbani, sufuria zote za chakula, na Papa Gustave amekaa kuzilinda, mikono kifuani, kama mtu aliyekuja kuzika.

Sheria ilikuwa moja: mnaimba Exaucé anapowajia. Akishafika, mnanyamaza, wa mbele yake ndio wanaanza.

Na ilifanya kazi. Mara ya kwanza Exaucé alipopiga, kichwa kiligeuka kwenye mjakaranda, mguu wa kwanza ukaenda huko. Kimya. Kisha ngoma ikalia nyuma yake. Alisimama akageuka kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni, akakimbia besi ya kwanza kwa furaha zote. Refa, mzee mpole ambaye msimu mzima alikuwa akimtoa, alimwangalia Falonne kwa heshima mpya.

Mpaka zamu ya mwisho Boksburg walikuwa na sita, Radi tano. Simiyu yuko besi ya kwanza, anahema. Akitoka mmoja tu, mchezo umekwisha, na anayepiga ni Exaucé. Baada yake ni Alexis, ambaye tangu Septemba hajaugusa mpira isipokuwa kuuokota.

Falonne alisimama kwenye kisanduku cha kocha karibu na besi ya tatu. Aliona Jumamosi zote zinazokuja, yeye na ndoo ya maji, na kina Alexis wanamwita dada.

Mpira ukaja. Exaucé akaupiga chini chini, ukapita katikati ya watu wawili, ukajiviringisha mpaka kona ya uzio. Ngoma ikalia. Huyoo besi ya kwanza. Mama Victoire akabana ngoma kwa viganja, akamwonyesha kwa kidevu. Kwaya ikaingia na sauti tatu, Exaucé akaifuata besi ya pili mikono juu. Kwaya ikakata. Vijana wa mjakaranda wakapokea. Mbele yake Simiyu alishavuka besi ya tatu, uso mwekundu wa vumbi, akafika nyumbani akaanguka mwenyewe. Sita kwa sita.

Exaucé alifika besi ya tatu, na vijana walitakiwa wanyamaze. Vijana hawakunyamaza. Nani angenyamaza? Walizidisha, wengine wameruka juu ya viti. Exaucé alikanyaga besi, akatoka hatua mbili, akageuka kuwaangalia, na kiuno kikaanza.

"Ya Exaucé, nyumbani," Falonne alisema, akimwita kaka kwa heshima.

Kiuno.

"Ya Exaucé, nakuomba."

Kocha haruhusiwi kumgusa mkimbiaji, akimsukuma tu, ametoka. Falonne alibana mikono mgongoni isimponyoke. Kule kona kijana wa Boksburg alishaupata mpira, anajikunja kuurusha. Falonne aliwageukia vijana, akawapungia kama anayezima moto, na wao wakaona kocha naye anacheza, wakaongeza.

Hapo ndipo ukasikika mlio kutoka nyumbani. Kwa, kwa, kwa-kwa-kwa. Chuma juu ya chuma.

Papa Gustave alikuwa amesimama. Mfuniko wa sufuria ya pondu mkono wa kushoto, mwiko wa chuma mkono wa kulia, anapiga mdundo wa harusi za Likasi, na shingo yake fupi inakwenda mbele na nyuma. Hakuna mtu aliyemwambia. Exaucé akageuza kichwa. Ule mdundo ni wa kwao. Akaacha vijana, akaacha kila kitu, akakimbia kuelekea zile sufuria kama hajala tangu Alhamisi.

Mpira ukatoka kona. Ukaruka juu ya kichwa chake, mdakaji wa Boksburg akaudaka akainama. Exaucé akajitupa kwa tumbo, vumbi likafunika wote wawili na refa. Ngoma kimya, kwaya kimya, Papa Gustave mfuniko juu.

Refa alipepea vumbi kwa kofia, akachungulia. Mkono wa Exaucé ulikuwa umelala juu ya besi kama mtu aliyekuta mto wake. Refa akafungua mikono pande mbili. Salama.

Saba kwa sita.

Basi ndiyo vipande vinne vya kanisa vikaja mbio kutoka pande nne, vikagongana katikati. Kwaya ilipanda uzio na sare zake. Mama Victoire alikuja bila mwavuli, ngoma kichwani. Walimnyanyua Exaucé, wakamshusha maana ni mzito, wakamnyanyua Falonne badala yake. Vijana wa Boksburg walisimama kidogo kwa adabu ya waliofungwa, halafu harufu ya makayabu ikawavuta, wakapewa sahani.

Falonne, akiwa juu ya mabega ya watu, alimtafuta Papa Gustave. Akamwona karibu na wavu, bado anapiga, macho amefumba.

"Papa," alimwita kwa sauti. "Jumamosi tunasimamisha magoli?"

Papa Gustave akafumbua jicho moja.

"Kocha," alisema, "usinikatie mdundo."