Dakika Nne Baada ya Jedwali

Fundi redio wa mtaa ule watu walimwita Kiherehere, na hakuwa na haki ya kununa. Chai aliinywa amesimama. Mteja akianza kueleza ubovu wa redio yake, fundi alishafungua skrubu mbili. Mkewe alizoea kusema kwamba hata siku ya harusi yao bwana huyu aliitikia kabla hajaulizwa.

Asubuhi hiyo kiherehere kilizidi, na safari hii kilikuwa na sababu. Binti yake wa pekee, mwanafunzi wa chuo, alikuwa ameunda na wenzake setilaiti ndogo, ukubwa wa tofali. Roketi iliipandisha pamoja na nyingine thelathini na kuziachia huko juu moja moja. Ilipangiwa kukaa kimya wiki mbili ikichaji betri kwa jua, kisha ianze kuita. Wiki mbili ziliisha, na leo ilikuwa siku ya sita haijasikika.

Lawama hazikosi pa kutua, zikatua kwa binti. Yeye ndiye aliyelehemu waya uliotakiwa kupata moto, ukate uzi ulioifunga antena, nayo ijikunjue. Waya ukiachia, antena haifunguki, na setilaiti inakuwa bubu. Asubuhi hiyo hiyo, kabla ya saa tano, mwalimu wao angesaini ripoti inayosema hivyo, na jina la binti limo. Jana alipiga simu akilia, akasema ripoti ikitoka naye anaacha chuo, hana uso wa kuwatazama wenzake. Baba mtu hakupata usingizi. Kulehemu alimfundisha yeye, kwenye meza ya karakana, tangu binti ana miaka tisa. Mkono ule ukiwa mbovu, basi ubovu umetoka kwake.

Ndiyo maana saa nne na dakika kumi alikuwa juu ya paa la zege la nyumba yake, kama siku tano zilizotangulia. Alishika antena aliyoiunda kwa vipande vya futi ya chuma ya seremala, redio ndogo ikining'inia shingoni. Mfukoni alikuwa na jedwali alilotumiwa na binti: leo setilaiti itachomoza kaskazini saa nne na dakika kumi na mbili, itazama kusini saa nne na ishirini na mbili. Alizungusha antena polepole kuifuata njia hiyo angani. Redio ilikoroma tu. Ishirini. Ishirini na moja. Ilipofika ishirini na mbili, akaibana antena kwapani, akaenda kushuka.

Ngazi haikuwepo. Ilikuwa ya kuazima, mali ya mpaka rangi wa nyumba ya pili, na mwenye mali alikuja kuchukua chake.

"Ngazi iko wapi?" aliuliza kwa sauti.

"Mwenyewe kaichukua," mkewe alijibu kutoka uani, bila kuacha kufua. "Kasema anamalizia ukuta mmoja tu, anairudisha."

"Na wewe ukamwachia, mimi niko juu?"

"Ningemnyang'anya? Tulia, mume wangu. Subira huvuta heri, si ndivyo unavyowaambia wateja wako?"

Alizunguka paa mara tatu. Akachungulia chini kupima kama anaweza kuruka, akakumbuka goti lake. Akamlaani mpaka rangi na ukoo wake mzima, kisha kwa kukosa la kufanya akaielekeza antena kaskazini na kuongeza sauti ya redio.

Saa nne na dakika ishirini na sita, redio ikalia. Sauti nyembamba: fupi tatu, ndefu moja, fupi mbili. Kimya. Kisha tena. Ndiyo alama yao, binti alimkaririsha mpaka akaiota. Akaifuata kwa antena kuelekea kusini, na kadiri ilivyopita juu yake sauti ikazidi kuwa nzito, kama honi ya gari linalokupita na kwenda zake. Alirekodi kwa simu. Machozi yalimtoka, wala hakuona haya.

Akampigia binti.

"Baba, siwezi kuongea. Tuko kwa mwalimu, anaingia sasa hivi."

"Sikiliza hii kwanza."

Alimwekea sauti ile. Binti aliisikiliza mpaka ikaisha. "Hiyo umeipata saa ngapi?"

"Nne na ishirini na sita, mpaka thelathini na tatu."

"Lakini jedwali linasema ilishazama."

"Jedwali ni la nyingine, mwanangu. Ziko nyingi kule, mmepewa njia ya mwenzake. Yenu inakuja nyuma. Antena imefunguka. Waya wako umeshika."

Alimsikia akivuta pumzi. Kisha likaja swali ambalo fundi alikuwa ameanza kuliogopa.

"Siku zile nyingine ulikuwa unashuka saa ngapi?"

Angeweza kudanganya, kwani juu ya paa hakukuwa na shahidi. "Dakika zikiisha tu, nashuka," alisema. "Hata leo nimebaki kwa kukosa ngazi. Nisamehe, mama. Umelia siku zote hizi kwa sababu baba yako hawezi kutulia dakika nne."

Kwenye simu mlango ulifunguliwa, viti vikaburutwa, sauti ya mwanamume ikaomba kalamu.

"Baba," binti alisema chini chini, "mashine ya hapa chuoni ya kunasa sauti yake inajizima jedwali likiisha. Wenzangu walitaka iachwe wazi nusu saa zaidi. Mimi ndiye niliyewakatalia. Niliwaambia wanapoteza muda."

Fundi akakaa chini kwenye zege la moto. Alitaka kumwambia asiseme kitu: waya umeshika, inatosha, mengine yapite. Akabana simu sikioni, akasubiri.

"Mwalimu," alimsikia binti yake akisema, simu ikiwa bado wazi, "naomba usisaini. Kosa ni langu kweli, ila si hilo."