Propela ya Mzigo

Mwanangu alirudi kutoka dukani na propela namba kumi na saba, na mimi nilikuwa nimemtuma namba kumi na tatu. Wala hakukosea. Alisema mwenyewe, amesimama mlangoni na mfuko kwapani, kwamba ameona hii ndiyo inayotufaa.

Ameona! Mimi nimeiendesha boti ile mpaka nyonga ikagoma, na yeye ameona.

Nikamweleza tena, ingawa koo lilishanikauka kwa kurudia. Namba ikiwa kubwa, kila mzunguko wa propela unaisukuma boti mbali zaidi. Ni sawa, kama boti ni tupu. Ijaze samaki, mashine itanguruma bila kwenda, kama lori linalopandishwa mlima kwa gia ya nne, na mwisho itaungua. Nyumba nzima tunakula kwa mashine ile moja. Ikiungua, ndiyo basi tena. Mwenye duka alikuwa tayari kubadilisha, ilimradi tumrudishie propela kabla hajafunga, tena haijakwaruzwa.

"Nimeijaribu, baba," akasema. "Inaruka."

Alikuwa amepitia ufukweni, akaifunga akaijaribu peke yake, ndani ya boti hamna hata ndoo, kisha akaifungua. Boti tupu hata ukiifunga kijiko itakwenda. Siku hizi ndivyo wanavyojaribu wote: mmoja anakaa nyuma, wenzake wako ufukweni wanapiga makofi. Sisi tulikuwa tunajaza mchanga kwenye magunia, uzito wa siku njema, ndipo tunatoka kuona propela ina nguvu gani. Nani anajali? Sikio la kufa halisikii dawa.

Nikasema basi, leo tutaijaribu kama watu wazima. Nikaagiza magunia. Nikamwita mkwe wangu kinyozi, akaja na aproni yake, analalamika kwamba ameacha mteja na nusu ya ndevu. Nikamwita jirani yetu Bonge, ambaye peke yake ni magunia mawili. Mke wangu akanishauri niachane na hayo, nimwache mtoto afanye kazi yake. Walinipandisha botini wamenishika makwapa, nyonga inawaka moto, na hasira zangu ndizo zilizonikalisha wima.

Tulipofika kwenye kina, mwanangu akaongeza moto. Mashine ikanguruma. Pua ya boti ikainuka, ikabaki huko huko juu, nyuma kukadidimia mpaka maji yakaingia kwenye viatu vya Bonge. Hatukwenda. Yaani tulikwenda, lakini mwogeleaji mzuri angetupita.

Nilifurahi, sitaficha. Nikamwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamuuliza kama anasikia mashine inavyolia. Nikamuuliza kama anataka kuwalisha wanawe chuma. Niliuliza mengi, na kinyozi muda wote alikuwa anaangalia vidole vyake.

Mwanangu akapunguza moto, akanigeukia.

"Baba, mzigo kama huu nitautoa wapi?"

Nilidhani ananifanyia jeuri, nikafungua kinywa nimkemee. Lakini uso wake haukuwa na jeuri. Ulikuwa umechoka tu.

"Tangu uniachie hii boti sijaijaza hata siku moja," akasema. "Samaki wamehama. Naenda mbali kuliko ulivyowahi kwenda wewe, napata ndoo mbili, na nikichelewa kurudi wanaharibika. Nataka kuwahi, basi."

Nikamgeukia Bonge aniambie kwamba huo ni uongo.

"Ni kweli, mzee," akasema Bonge, taratibu.

Kinyozi naye alijua. Mke wangu alijua, ndiyo maana alitaka nimwache. Mtaa mzima ulijua habari za boti yangu isipokuwa mimi, niliyekuwa nashinda kitini nawafundisha watu jinsi ya kubeba mzigo ambao haupo. Hasira zilinitoka zote mara moja, na nilipozitafuta nikakuta huzuni.

Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Ungesema sijui kuvua."

Na ningesema. Ningesema mbele ya watu, kwa sauti ile ile niliyokuwa nikiitumia tangu asubuhi.

Tuliporudi ufukweni niliwaambia washushe magunia, na dukani asiende mtu. Kinyozi akakimbilia kwa mteja wake. Mwanangu akainama nyuma ya mashine kuikagua propela yake, nami nikabaki nimekaa botini, nataka kumwomba radhi. Neno likanikwama. Nikamwambia akaze nati vizuri.

"Ndiyo, baba," akasema kwa upole, kama mtu aliyelisikia lile jingine.