Mtambuu wa Jethrina

Giza la alfajiri lilikuwa bado halijaondoka, kitu kikakwaruza ndani ya chandarua: kwaru, kwaru. Jethrina akapapasa. Ni jani. Mtambuu ulikuwa umemwotea ubavuni, chini ya ziwa la kushoto, nao ulikuwa ukitafuta dirisha.

"Wivu huo," alisema mumewe Gidion bila kugeuka. "Nichumie mawili, popoo za kutafunia ninazo."

Ilikuwa siku ya pili baada ya usaili. Jethrina, mkaguzi wa serikali kwa miaka kumi na mmoja, aliomba kuongoza wakala mpya, huru, wa kupambana na rushwa mkoani Madang. Jirani yake Wilma aliomba pia. Jethrina, akingoja zamu yake nje ya mlango, alimsikia Wilma akijibu maswali yote saba kabla hayajamalizwa kuulizwa.

Kufikia Ijumaa mtambuu ulikuwa umevuka ua na kuingia chumbani kwa Wilma. Majirani walikuja kuchuma.

"Dada, wivu wako mtamu," mmoja alimsifu, midomo myekundu. "Ungeuongeza kidogo tu, soko zima lingetafuna."

Jumamosi tawi lilirudi kutoka kwa Wilma na karatasi: maswali yale saba, na majibu, kwa mwandiko wa Bwana Kamak, mwenyekiti wa jopo. Jethrina aliwapelekea wajumbe wa jopo. Mmoja akaisoma mara mbili, akamrudishia.

"Mwandiko mzuri," alisema. "Sasa mama, majani ya sherehe tutayapata kwako?"

Jethrina akaiweka chini ya mkeka, kisha akapiga pasi gauni lake la bluu, maana jina lilikuwa bado halijatangazwa.

Jumatatu, uwanjani, Bwana Kamak alisimama kutangaza. Kwa mila yao, mtu hatamki jina la shemeji yake, na Wilma ni mdogo wa mkewe. Akafungua kinywa, akakifunga, akanyoosha kidole.

"Yule wa gauni la bluu."

Wilma naye alikuwa amevaa bluu, lakini watu wakamgeukia Jethrina. Akapiga hatua mbele.

"Siyo huyo," alisema mwenyekiti. "Yule nisiyeweza kumtaja."

Wote wakaelewa, wakapiga makofi. Wilma aliapishwa, akashuka moja kwa moja hadi kwa jirani yake.

"Dada, usininunie bwana. Nipe jani."

Jethrina alimchumia lililo laini kuliko yote. Mahali pake likachipuka jingine.

Uwanja ulikuwa kimya, watu wakitafuna. Nalu, binti wa Jethrina wa miaka mitano, alikuwa mabegani kwa baba yake.

"Ile karatasi ya maswali iko kwetu, chini ya mkeka," alisema kwa sauti.